Je, India inaweza kuyafunga maji ya Indus? Jibu kwa msomaji wa Tanga

Msomaji wetu wa Tanga anauliza: "Tangu Aprili 2025 nasikia kwamba India imesimamisha mkataba wa maji iliofunga na Pakistan mwaka 1960. Je, nchi iliyo upande wa juu wa mto inaweza kweli kuyafunga maji ya jirani yake? Na nchi mbili zenye silaha za nyuklia zinawezaje kukaa miaka yote hii bila mabalozi, zisiingie vitani kwa kutoelewana tu?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili, lakini mimi nayaona kuwa ni moja. Jibu fupi la swali la kwanza ni kwamba India haiwezi leo kuizuia mito ile kwa kiasi cha kuikausha Pakistan, kwa sababu haina mabwawa ya kutosha ya kuyahifadhi maji hayo wala mifereji ya kuyapeleka kwingine. Kilichofungwa tangu Aprili 2025 ni taarifa: vipimo vya maji, habari za kufunguliwa kwa milango ya mabwawa, tahadhari za mafuriko zilizopita katika njia yake rasmi, na vikao vya wahandisi wa pande mbili. Jibu la swali la pili linatoka hapo hapo. Kwa zaidi ya miaka sabini nchi hizi hazikulindwa na urafiki, wala na mabalozi. Zililindwa na njia ndogo ndogo za kupashana habari, nyingi zikiwa za kiufundi na zisizotajwa sana magazetini, ambazo ziliendelea kufanya kazi hata majeshi yalipokuwa yakipigana. Ndiyo maana mimi hushtuka zaidi njia moja ya namna hiyo inapozibwa kuliko balozi anapofukuzwa.

Tuanze na mabalozi, maana hilo halihitaji maelezo marefu. Agosti 5, 2019 serikali ya India ilifuta hadhi maalumu ambayo Kifungu cha 370 cha katiba yake kiliipa Jammu na Kashmir, ikaligawa jimbo hilo kuwa maeneo mawili yanayosimamiwa na serikali kuu. Siku mbili baadaye Pakistan ilimtaka balozi wa India aondoke Islamabad, ikaacha kumpeleka balozi wake New Delhi, na ikasimamisha biashara. Tangu hapo kila ubalozi umeongozwa na kaimu. Juni 2020 India iliamua kupunguza watumishi wa balozi hizo kwa nusu, Pakistan nayo ikafanya vivyo hivyo, wakabaki 55 kila upande. Na mwishoni mwa Aprili 2025 idadi ikashushwa hadi 30, huku waambata wa kijeshi wakifukuzwa. Watu 30 ndio wanaotakiwa kushughulikia viza, wafungwa, wagonjwa, maiti za kurudishwa nyumbani na barua zote rasmi baina ya nchi mbili ambazo kwa pamoja zina watu zaidi ya bilioni 1.6. Kaimu balozi anaweza kupeleka barua na kupokea barua, na kazi hiyo si ndogo, lakini hana uzito wa kisiasa wa kumwambia waziri wa nchi mwenyeji jambo ambalo waziri huyo hataki kulisikia. Si mara ya kwanza kwa pengo kama hili kutokea: baada ya shambulio dhidi ya bunge la India Desemba 2001 balozi wa India aliitwa nyumbani, majeshi yakatazamana mpakani kwa miezi mingi, na mabalozi hawakurejea hadi mwaka 2003. Tofauti ni kwamba safari hii pengo limedumu miaka, na katika miaka hiyo mambo mengine yamekuwa yakikatwa moja baada ya jingine.

Chanzo cha yote ni Kashmir, na ningekosea kukipita kimyakimya. Uhindi wa Waingereza ulipogawanywa Agosti 1947, watawala wa majimbo ya kifalme walitakiwa kuchagua nchi ya kujiunga nayo. Maharaja Hari Singh wa Jammu na Kashmir, mtawala Mhindu wa jimbo lenye Waislamu wengi, alisitasita mpaka wapiganaji wa makabila walipoingia kutoka upande wa Pakistan. Ndipo Oktoba 26, 1947 akatia saini hati ya kujiunga na India. Vita vilivyofuata viliisha kwa usitishaji wa mapigano wa Januari 1, 1949, na jimbo likabaki limekatwa vipande viwili. India inashikilia kwamba hati ile ilimaliza suala. Pakistan inashikilia kwamba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliahidi kura ya wananchi mwaka 1948 na kura hiyo haijapigwa hata leo. Katika mabishano hayo yote wanaoulizwa kidogo kuliko wote ni Wakashmiri wenyewe.

Kuna tofauti ya pili, isiyozungumzwa sana, ambayo hujirudia katika kila mgogoro wao. Baada ya vita vya 1971, vilivyoizaa Bangladesh, India na Pakistan zilitia saini makubaliano ya Shimla ya Julai 2, 1972, ambamo zilikubali kumaliza tofauti zao kwa mazungumzo ya pande mbili au kwa njia nyingine ya amani watakayokubaliana wote wawili. India inayasoma maneno hayo kuwa mlango umefungwa kwa msuluhishi wa nje. Pakistan, iliyo nchi ndogo zaidi na inayojua kwamba mezani peke yake na India haina nguvu sawa, kila mara humtafuta mtu wa tatu: Umoja wa Mataifa, Marekani, nchi za Ghuba, Benki ya Dunia. Ukiishika tofauti hii moja, ndugu yangu, utaelewa nusu ya matamko yao. Mei 10, 2025, baada ya siku nne za makombora na droni zilizofuata shambulio la Kashmir la Aprili 22 nitakalolieleza hapo chini, Rais Donald Trump ndiye aliyetangaza kwamba mapigano yamesitishwa. Pakistan ikamshukuru hadharani. India ikasema kwamba jambo hilo lilimalizwa kwa simu baina ya maofisa wa majeshi mawili na kwamba hakuna aliyeisuluhisha.

Sasa tuje kwenye maji, ambako ndiko kwenye kiini cha swali lako.

Jina Punjab lenyewe lina maana ya maji matano, yaani mito ya Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej, ambayo yote huishia katika mto Indus. Katika bonde hilo Waingereza walijenga mtandao wa mifereji ya umwagiliaji ulio miongoni mwa mikubwa kabisa duniani, wakiujenga kama mali ya nchi moja. Kisha mwaka 1947 mwanasheria kutoka London, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kuishi huko, alipewa takriban wiki tano kuchora mpaka. Mstari wake, uliotangazwa Agosti 17, siku mbili baada ya uhuru wa India, ulipita katikati ya mfumo huo, kiasi kwamba milango ya kuingizia maji ya Madhopur na Ferozepur ilibaki India ilhali mashamba mengi yaliyotegemea maji hayo yalikuwa Pakistan. Aprili 1, 1948, mara tu muda wa makubaliano ya mpito ulipokwisha, serikali ya Punjab ya Mashariki iliyafunga maji hayo. Wakulima walikuwa wakikaribia msimu wa kupanda. Maji yalifunguliwa baada ya mkutano wa Delhi wa Mei 4 mwaka huo, lakini hofu iliyoingia Pakistan mwezi ule haikutoka tena. Mtu akikwambia kwamba Wapakistani wanatia chumvi wanapozungumzia maji, mkumbushe Aprili 1948.

Mwaka 1951 Mmarekani David Lilienthal, aliyewahi kuongoza mamlaka ya bonde la Tennessee, alizitembelea nchi hizo mbili na kushauri kwamba mito hiyo ishughulikiwe kama kazi ya wahandisi, mbali na siasa za Kashmir. Eugene Black, rais wa Benki ya Dunia, alilichukua wazo hilo. Ilichukua miaka minane ya mazungumzo kabla ya Jawaharlal Nehru na Ayub Khan kutia saini mjini Karachi, Septemba 19, 1960. Lilienthal alitamani bonde liendeshwe kwa pamoja, lakini kilichopatikana kilikuwa kama talaka iliyoandikwa vizuri: mito mitatu ya mashariki, yaani Ravi, Beas na Sutlej, ikawa ya India, mitatu ya magharibi, yaani Indus yenyewe, Jhelum na Chenab, ikawa ya Pakistan, ambayo kwa hesabu hiyo ilipata takriban asilimia 80 ya maji yote. India ilikubali kulipa pauni 62,060,000 kwa awamu kumi ili Pakistan ijenge mifereji na kazi nyingine za kuchukua nafasi ya maji ya mashariki iliyoyapoteza. Mwaka 1965 majeshi yao yalipokuwa vitani, malipo hayo hayakukatwa. Nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi jambo hili kwa miaka mingi na bado linanigusa: askari wanauana Punjab, na serikali hiyo hiyo inamlipa adui wake fedha za mifereji, kwa sababu ilitoa neno lake.

Mkataba una vifungu 12 tu, lakini viambatisho vyake, kuanzia A hadi H, ni vizito. Vinaeleza India iruhusiwe kufanya nini katika mito ya magharibi kabla haijafika Pakistan: kunywa, kumwagilia eneo lililowekewa kikomo, kuhifadhi kiasi fulani, na kuzalisha umeme kwa mitambo inayotegemea mkondo wa mto bila bwawa kubwa nyuma yake. Kiasi kinachoruhusiwa kuhifadhiwa ni mita za ujazo bilioni 4.4 hivi, na India haijajenga hata sehemu kubwa ya hizo. Linganisha na maji ya mito hiyo mitatu, ambayo kwa wastani hukadiriwa kuzidi mita za ujazo bilioni 160 kwa mwaka, mengi yakija kwa kishindo katika miezi michache ya kiangazi, theluji inapoyeyuka na mvua za monsuni zinaponyesha. Hakuna ukuta uliopo leo nchini India unaoweza kuyasimamisha maji hayo. Kujenga mabwawa ya ukubwa unaotakiwa katika milima ile yenye matetemeko, na kuchimba njia za kuyahamisha maji kuvuka milima, ni kazi ya miaka mingi sana na ya fedha nyingi.

Lakini usitulie haraka. Mkulima wa Punjab ya Pakistan hauawi na wastani wa mwaka. Anauawa na wiki mbili za kukosa maji wakati ngano inapotakiwa kupandwa. Ni hapa ambapo mitambo midogo iliyopo inapata maana. Chukua mfano wa Baglihar, mtambo wa umeme uliojengwa na India katika mto Chenab. Pakistan iliulalamikia, na mwaka 2005 Benki ya Dunia ikamteua mtaalamu asiyeegemea upande, Mswisi Raymond Lafitte. Moja ya mambo waliyobishania ilikuwa ukubwa wa nafasi ya maji ambayo waendeshaji wa mtambo wanaweza kuijaza na kuitoa: India ilitaka mita za ujazo milioni 37.5, Pakistan ikasema zisizidi milioni 6.22, na Februari 2007 Lafitte akaamua milioni 32.56. Wakati wa kiangazi Chenab huijaza nafasi hiyo kwa muda usiofika siku moja, na Pakistan haiwezi hata kuhisi. Katika baridi, mto unapopungua, kuijaza kunaweza kuukata mto kwa siku kadhaa upande wa chini, na kuiachia ghafla kunaweza kupeleka wimbi lisilotarajiwa. Kwa hiyo mabishano yale, ambayo mtu wa kawaida angeyaona ni ya wahandisi wakaidi, yalihusu kitu halisi kabisa: nani anashika saa ya mto. Mei 2025, mara baada ya mkataba kusimamishwa, India ilisafisha mchanga na matope katika mabwawa ya Baglihar na Salal kwa kuyamwaga maji, kazi ambayo chini ya mkataba hufanywa kwa masharti ya msimu, kisha ikafunga milango ili mabwawa yajae tena. Mto Chenab upande wa Pakistan ukapanda na kushuka katika siku chache hizo.

Chini ya mkataba, kila nchi ina kamishna wa maji, na makamishna hao wawili ndio Tume ya Kudumu ya Indus. Wanatakiwa kukutana angalau mara moja kwa mwaka, kupelekeana vipimo vya maji kila mwezi, na kuarifiana mapema kuhusu mafuriko na kuhusu maji mengi yanayoachiwa kutoka mabwawani. Tume hiyo iliponea vita vya 1965 na 1971, ikaponea mapigano ya Kargil, huko Kashmir, mwaka 1999, ikaponea shambulio la Mumbai la Novemba 2008 lililoua watu 166. Kikao chake cha 118 kilifanyika New Delhi mwishoni mwa Mei 2022, na baada ya hapo utaratibu wa kukutana kila mwaka ukakatika. Maana yake ni kwamba ugonjwa ulianza kabla ya Aprili 2025.

Ni haki niseme kwamba India ina malalamiko ya kweli. Pakistan imepinga karibu kila mradi mkubwa wa umeme katika mito ya magharibi, na ngazi za kutatua tofauti, kutoka kwa makamishna hadi kwa mtaalamu, na kutoka kwa mtaalamu hadi mahakama ya usuluhishi, zimekuwa ndefu na za kuchosha. Katika suala la mitambo ya Kishanganga na Ratle, Pakistan ilitaka mahakama na India ikataka mtaalamu, na Oktoba 2022 Benki ya Dunia ikateua vyote viwili, jambo ambalo India ililiona kuwa kinyume cha mkataba wenyewe. Tena, mkataba wa 1960 haukujua lolote kuhusu mabadiliko ya tabianchi na barafu inayopungua milimani. India ilipeleka taarifa ya kutaka mkataba urekebishwe Januari 2023, ikapeleka nyingine Agosti 2024. Mimi naamini Pakistan ilikosea kutoyachangamkia mazungumzo hayo wakati bado yalikuwa yakiombwa kwa barua.

Kisha ikaja Aprili 22, 2025. Watu wenye silaha waliwaua raia 26, wengi wao watalii, katika bonde la Baisaran karibu na mji wa Pahalgam, Kashmir. India iliishutumu Pakistan kuwa nyuma ya wauaji. Pakistan ilikanusha na kuomba uchunguzi huru. Kesho yake India ilitangaza kwamba mkataba wa maji umewekwa kando mpaka Pakistan iache kabisa kuunga mkono ugaidi wa kuvuka mpaka, ikafunga kituo cha mpaka cha Attari na kufuta viza. Aprili 24 Pakistan ilijibu kwa kufunga anga yake kwa ndege za India, kusimamisha biashara yote, hata ile inayopitia nchi ya tatu, na kusema kwamba inaweza kuyaweka kando makubaliano ya Shimla. Ikaongeza kwamba jaribio lolote la kuyazuia au kuyageuza maji yake litahesabiwa kuwa kitendo cha vita. Wasomaji wetu walioko Dubai, ambako bidhaa nyingi za nchi hizo mbili zilikuwa zikibadilisha nyaraka ili zivuke kwa mzunguko, wanajua vizuri amri zile ziliwagusa nani.

Je, upande mmoja unaweza kuuweka kando mkataba wa namna hii? Kifungu cha 12 kinasema mkataba utaendelea mpaka uondolewe kwa mkataba mwingine ulioridhiwa na serikali zote mbili, na hakuna mahali unapotaja kusimamishwa na upande mmoja. Rais wa Benki ya Dunia, Ajay Banga, alilisema hilo waziwazi Mei 2025, huku akieleza kwamba benki yake haina mamlaka ya kuzilazimisha nchi hizo. India haikusaini Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, lakini kanuni zake nyingi huhesabiwa kuwa desturi ya mataifa yote, na India yenyewe iliegemea mojawapo iliposema kwamba hali imebadilika kimsingi tangu 1960. Kanuni hiyo ipo, ila mahakama za kimataifa zimekuwa zikiifungulia mlango mwembamba sana, kwa kuwa kila nchi inayochoka na ahadi yake ingeweza kudai kwamba mambo yamebadilika. Juni 27, 2025 mahakama ya usuluhishi iliyoundwa chini ya mkataba huo iliamua kwamba tamko la India halikuiondolea mamlaka ya kuendelea na shauri lililo mbele yake. India ikajibu kwamba haiitambui mahakama hiyo.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu wenyewe ya kupimia. Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haifungwi na makubaliano ya maji ya Nile ya 1929, ambayo Uingereza ilikuwa imeyafunga na Misri kwa niaba ya makoloni yake. Nimeona watu wakiufananisha uamuzi ule na huu wa India, nami sikubaliani nao. Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba watu wa Tanganyika hawakuulizwa, na kwamba nchi huru haiwezi kurithi kitanzi ilichovishwa na mkoloni. Mkataba wa Indus ulitiwa saini na Nehru mwenyewe, waziri mkuu aliyechaguliwa wa India huru, baada ya miaka minane ya kujadiliana kila tone. India inaweza kusema kwamba mkataba umezeeka, na kwa sehemu itakuwa sahihi. Haiwezi kusema kwamba haukuwa wake.

Nimekaa sana kwenye maji kwa sababu ndiko njia ya taarifa ilikoharibika zaidi. Sasa niziseme zile ambazo bado ziko hai, maana ndizo zinazojibu hofu yako ya vita vya kutoelewana. Kuna simu ya moja kwa moja kati ya wakurugenzi wakuu wa operesheni za kijeshi wa nchi hizo mbili. Ndiyo iliyotumika Februari 2021 walipokubali tena kuheshimu usitishaji wa mapigano katika mstari unaoigawa Kashmir. Mei 10, 2025, kwa maelezo ya India, mkurugenzi wa Pakistan alimpigia mwenzake saa tisa na dakika 35 alasiri kwa saa za India, wakakubaliana kwamba risasi zinyamaze kuanzia saa kumi na moja jioni. Ukweli wa nani alimshinikiza nani utaendelea kubishaniwa, lakini waliokuwa na amri ya kuzima mizinga walikuwa hao wawili, na walikuwa na namba ya simu.

Kuna pia makubaliano yaliyosainiwa Desemba 31, 1988 ya kutoshambulia mitambo ya nyuklia ya mwenzako. Kila Januari 1, tangu mwaka 1992, nchi hizi hupelekeana orodha ya mitambo hiyo kupitia balozi zao. Orodha zilipelekwa majeshi yalipokuwa yametazamana mwaka 2002, zikapelekwa wiki tano tu baada ya shambulio la Mumbai, zikapelekwa miaka yote ambayo hakukuwa na balozi. Karatasi hiyo ni mojawapo ya sababu za kuwepo kwa wale watumishi 30, na ndiyo maana siwezi kuufurahia kila upunguzaji mpya unaotangazwa kwa shangwe.

Na kuna orodha za wafungwa, ambazo wewe mtu wa pwani utazielewa kuliko wengi. Kati ya Gujarat ya India na Sindh ya Pakistan kuna mkono wa bahari uitwao Sir Creek, wenye matope na mikoko, ambao mpaka wake haujawahi kukubaliwa: Pakistan inasema unapita ukingo wa mashariki, India inasema unapita katikati ya mkondo. Kwa sababu hiyo hata mpaka wa baharini kutoka hapo haujachorwa. Wavuvi hufuata samaki, kama wale wa Moa na Vanga wanavyofuata, na vyombo vya doria vya kila upande huwakamata wa upande mwingine. Mtu hukaa gerezani miezi au miaka kwa kosa la kuvuka mstari ambao serikali mbili hazijaupatana, na mashua, ambayo mara nyingi ndiyo mtaji wote wa familia, hubaki ikioza katika bandari ya ugenini. Chini ya makubaliano ya 2008, kila Januari 1 na Julai 1 nchi hizo hupelekeana majina ya wafungwa raia wanaowashikilia. Julai 1, 2025, siku zisizofika 60 tangu makombora yanyamaze, orodha zilipelekwa kama kawaida: India ilitaja wafungwa 382 na wavuvi 81 wa Pakistan au wanaodhaniwa kuwa wa Pakistan; Pakistan ikataja wafungwa 53 na wavuvi 193 wa upande wa India. Kuorodheshwa si kuachiliwa, na ni aibu kwa serikali zote mbili kwamba wavuvi hugeuzwa kuwa akiba ya kutolewa kama zawadi uhusiano unapopata nafuu. Hata hivyo, mama aliyeko kijijini Gujarat ambaye jina la mwanawe limo katika orodha anajua angalau kwamba yu hai.

Taasisi kubwa zaidi, ambayo ungetarajia nianze nayo, ni jumuiya ya kikanda ya SAARC, iliyoundwa Dhaka Desemba 1985. Sikuanza nayo kwa sababu mkutano wake wa mwisho wa wakuu wa nchi ulifanyika Kathmandu Novemba 2014. Uliopangwa kufanyika Islamabad mwaka 2016 ulivunjika baada ya shambulio dhidi ya kambi ya jeshi la India huko Uri, Kashmir, na haujafanyika mwingine.

Nimalizie kwa kilichotokea Agosti 2025, kwa kuwa kinajibu maswali yako yote mawili kwa pamoja. Mvua za monsuni zilikuwa kubwa mno mwaka ule, na mito inayotoka Jammu ilianza kufurika. Mkataba ulikuwa umewekwa kando, kwa hiyo kamishna wa maji wa India hakumwandikia mwenzake. Badala yake, Agosti 24, ubalozi wa India mjini Islamabad, ule usio na balozi, uliipa serikali ya Pakistan tahadhari ya mafuriko katika mto Tawi, na India ikaeleza kwamba imefanya hivyo kwa sababu za kibinadamu. Pakistan iliipokea, ikaitumia kuwahamisha watu, na papo hapo ikalalamika kwamba taarifa ilipaswa kupita kwa makamishna. Siku zilizofuata tahadhari nyingine zilikuja kwa njia ile ile. Mimi nilifarijika kuona kwamba ofisa mmoja New Delhi aliona afadhali avunje mantiki ya amri ya serikali yake kuliko kuacha watu wafe usingizini. Lakini pima tofauti: chini ya mkataba, tahadhari ile ni deni, na hufika pamoja na vipimo ambavyo mhandisi anaweza kuvifanyia hesabu ya saa ngapi maji yatafika kijiji gani; ikitolewa kwa hisani kupitia ubalozi, hufika pale tu anayeitoa anapoona vyema, ikiwa na maneno machache. Basi ukitaka kujua nchi hizi zinaelekea wapi, usingoje habari za balozi mpya kupokewa kwa gwaride. Angalia kama makamishna wawili wa maji, watu ambao wewe na mimi hatuyajui hata majina yao, wameitwa tena kuketi kikao cha 119.